Kabla ya kuzamia baharini, fikiria masikio yako na njia ya kurudi nyumbani

HUENDA wewe msomaji wakaa Garissa, ambako maji mengi uyaonayo ni ya Mto Tana yakipita chini ya daraja, mekundu kwa udongo, na ambako hakuna mzazi anayewaacha watoto wakacheze humo kwa sababu ya mamba na viboko. Ukisikia habari za kuzamia baharini, mtungi wa hewa mgongoni na miwani ya kioo usoni, wasema hayo ni mambo ya watalii. Sivyo. Bahari Hindi iko mwendo wa siku moja kwa basi kupitia Hola, Garsen na Malindi, na watu wa mji huu huteremka pwani kila mara kwa harusi, kwa biashara au kuwaona jamaa. Mtu akishafika huko kwa shughuli zake, ni kitu gani kinachomzuia kutazama kilicho chini ya maji?

Swali litakalofuata ni: aende wapi? Kwa kawaida jibu hutolewa kwa picha. Mtu huona picha ya kasa au ya papa mkubwa, akasema hapo ndipo atakapokwenda. Lakini ukurasa huu ni wa afya, na daktari atakuuliza maswali mengine. Mwili wako waweza nini? Bahari iko katika hali gani mwezi huo? Na ukishatoka majini, utarudi nyumbani kwa njia gani? Hili la mwisho wengi hawalifikirii kabisa, nalo lina hatari kuliko papa.

KUOGELEA KWANZA

Mtu asiyejua kuogelea asifungwe mtungi. Chama cha PADI, ambacho vyeti vyake ndivyo vijulikanavyo sana katika pwani yetu, hutaka mwanafunzi aogelee mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote na bila kuharakishwa, kisha aelee kwa dakika 10 bila kushika kitu. Kwa mtoto wa Lamu aliyezaliwa na maji mlangoni hilo ni mchezo. Kwa mtu wa Garissa, Wajir au Mandera ni kazi ya wiki kadhaa katika kidimbwi cha hoteli, tena pamoja na mwalimu. Usione haya kuanza ukiwa na miaka 35. Mafuriko ya Aprili 2024, mashua iliyokuwa ikivusha watu Kona Punda, karibu na Madogo, ilipopinduka na watu wakafa maji, yalitukumbusha kwamba kujua kuogelea ni jambo la afya hata kwa mtu ambaye hataiona bahari maishani mwake.

Kina dada wanaosita kwa sababu ya mavazi wajue kwamba vazi la mpira livaliwalo na wazamiaji hufunika mwili kuanzia shingoni hadi vifundoni, na lipo pia lenye kofia ya kufunika nywele. Kuna walimu wa kike. Uliza mapema, kabla ya kulipa.

MASIKIO NA KIFUA

Kila mita 10 unazoshuka, maji huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufuoni. Kwa hiyo katika kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili, mita 20 ni mara tatu, na mita 30 ni mara nne. Nyama na mifupa haioni tofauti kwa sababu imejaa maji. Taabu iko katika sehemu za mwili zilizo na hewa: masikio, mianya ya fuvu iliyo nyuma ya pua na mashavu, mapafu, na hata jino lililozibwa vibaya.

Ndani ya sikio kuna chumba kidogo cha hewa kilichotengwa na nje kwa kiwambo chembamba. Chumba hicho hupata hewa kupitia mlija unaoshuka hadi kooni. Mzamiaji anaposhuka hubana pua, hufunga mdomo na kusukuma hewa taratibu ili kusawazisha mambo. Yafaa afanye hivyo mapema na mara kwa mara, karibu kila mita moja, kabla ya maumivu kuanza. Kama hewa inakataa kupita, apande kidogo na kujaribu tena. Asilazimishe. Kiwambo kikipasuka chini ya maji, maji baridi huingia ndani ya sikio na mtu hupatwa na kizunguzungu kikali asijue juu ni wapi na chini ni wapi.

Sasa fikiria vumbi la kwetu. Mtu aliyekaa katika upepo mkavu wa Januari, pua zimeziba na kamasi haliishi, hafai kuzamia juma hilo, hata kama amelipia. Wapo wanaomeza dawa ya kufungua pua asubuhi ili waweze kushuka. Hiyo si akili nzuri: dawa yaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hapo hewa iliyomo ndani ya sikio itakosa pa kutokea unapopanda.

Hali ya masikio yako, basi, ndiyo yaanza kukuchagulia mahali. Mtu ambaye masikio yake hufunguka polepole atafute miamba ya kina kifupi, ambako mashua hutia nanga na mzamiaji hushuka kwa kushika kamba, mkono baada ya mkono. Asiende kwenye kuta za mawe zinazoanguka moja kwa moja, penye mkondo unaomvuta kila mtu kwa pamoja.

Kuhusu kifua, kanuni ni moja na haina mjadala: usizuie pumzi ukiwa na mtungi. Hewa uliyovuta katika kina cha mita 10 hupanuka mara mbili ukifika juu. Ikikosa njia ya kutoka, pafu laweza kupasuka. Hii ndiyo sababu mwenye pumu lazima amwone daktari kwanza, na vivyo hivyo aliyewahi kuugua kifua kikuu, ugonjwa ambao twaujua sana katika kaunti hizi. Mtu huponywa kabisa, akarudi kazini, lakini makovu yaliyobaki katika mapafu yaweza kuitega hewa mahali isipotoka. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti ukapigwe picha ya eksirei, na umweleze daktari waziwazi kwamba unataka kuzamia. Wenye kifafa wasizamie. Kina mama waja wazito wasizamie. Wagonjwa wa moyo, wa sukari na wa shinikizo la damu wasikilize ushauri wa daktari wao, si wa rafiki aliyekwenda Diani mwaka jana.

Kila shule ya kuzamia hukupa fomu ya maswali ya afya. Wengi huijaza mbiombio wakiandika "la" kila mahali ili wasicheleweshwe. Fomu hiyo haiwekwi ili kumlinda mwenye shule peke yake.

Na miraa? Niseme wazi, kwa sababu basi la usiku bila mtafuno wengine huliona haliendi. Miraa huharakisha moyo, hupandisha shinikizo la damu, hukausha kinywa na kumnyima mtu usingizi. Aliyetafuna hadi alfajiri apumzike siku nzima, anywe maji, alale, ndipo afikirie bahari. Ukosefu wa maji mwilini ni mojawapo ya mambo yanayoshukiwa kuongeza hatari ya ugonjwa wa wazamiaji, ambao tutaueleza hivi punde. Kwa sababu hiyohiyo, nashauri mtu asizamie akiwa amefunga. Kama kuvuta hewa ya mtungi kunabatilisha saumu au la, hilo nawaachia masheikh. Mimi naangalia maji tu. Kati ya mwaka wa 2025 na 2028 Ramadhani inaangukia baina ya mwisho wa Januari na Machi, yaani katikati kabisa ya msimu mzuri wa bahari, kwa hiyo panga kwenda kabla ya mwezi au baada ya Idi.

Neno moja juu ya malaria. Pwani ina mbu. Anayemeza dawa ya kinga aepuke ile iitwayo mefloquine, kwa kuwa huweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi, mambo ambayo chini ya maji hayatofautishwi na ugonjwa wa kuzamia. Zipo dawa nyingine. Muulize daktari.

MATOPE NA MISIMU

Yale maji mekundu yapitayo chini ya daraja la Garissa yana mwisho wake. Huingia baharini huko Kipini, katika ghuba ya Ungwana, na udongo wote wa milimani yakaumwaga hapo. Ndiyo maana ghuba hiyo ni ya wavuvi wa kamba wala si ya wazamiaji: kamba hupenda matope, macho hayayapendi. Mto wa pili, Sabaki, huingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, nao humwaga udongo vilevile.

Upepo ndio huamua udongo huo uende wapi. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, husukumwa upande wa kaskazini. Wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, waweza kusukumwa kusini hadi juu ya miamba ya Malindi yenyewe. Kwa hiyo mtu aliyeona mvua kubwa zikinyesha Novemba, mto umejaa na barabara ya Madogo imefunikwa na maji, asiharakishe kwenda Malindi mwezi wa Desemba akitarajia kuona mbali. Angoje Januari mito ipungue, au ateremke kusini zaidi.

Kusi nayo ina mambo yake. Bahari huchafuka, mashua hurushwa, na shule nyingi za kuzamia hufunga kati ya Mei na Julai. Mtu wa bara ambaye hajazoea chombo atatapika kabla hajavaa mtungi. Vidonge vya kuzuia kutapika vipo, lakini vingi huleta usingizi, na usingizi chini ya maji haufai. Tangawizi husaidia baadhi ya watu. Dawa bora ni kuchagua mwezi.

Hapo walimu wana bahati mbaya. Likizo ya Aprili ni mvua na mwanzo wa kusi, ile ya Agosti ni kusi yenyewe, na Desemba huenda mito bado imejaa. Hata hivyo Desemba ni afadhali, mradi uende mbali na midomo ya mito. Aliye na likizo ya kuchagua mwenyewe achague Februari au Machi, maji yanapofikia joto la nyuzi 28 au 29 na bahari kulala.

WAPI BASI?

Tuseme wewe ni mfanyakazi wa Garissa, umejifunza kuogelea, masikio ni mazima, na una siku tano mwezi wa Februari. Kwa maoni yangu nenda Watamu. Mbuga yake ya baharini na ile ya Malindi zilianzishwa mwaka wa 1968, nazo ni miongoni mwa mbuga za kwanza za baharini katika Afrika. Miamba yake mingi ni ya kina kifupi, pwani yenyewe iko kusini ya Malindi mbali kiasi na mdomo wa Sabaki, na hapana haja ya kufika Mombasa. Anayependa kasa amefika kwao. Kuna shirika la wenyeji, Local Ocean Conservation, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiwatibu kasa walionaswa na nyavu na kulinda viota vyao, na ziara hapo haidai hata kuloa miguu. Pale mlango wa hori ya Mida kuna mapango ya Tewa, yaliyopewa jina la wale chewa wakubwa wajifichao humo. Huko mkondo ni mkali na wakati wa kwenda huamuliwa na maji kupwa na kujaa, kwa hiyo mwanagenzi asijipeleke.

Mwanagenzi asiye na cheti huruhusiwa kuteremka mita 12 tu, tena mwalimu akiwa ubavuni. Akihitimu kozi ya kwanza, mwisho wake ni mita 18. Anayekuahidi mita 25 siku yako ya kwanza ili akufurahishe, mkimbie.

Kwa mtu anayependa vyombo vilivyozama, Mombasa inayo meli iitwayo Dania. Watu wa Garissa, mji wa soko kubwa la mifugo, watafurahi kusikia kwamba meli hiyo ilikuwa ikisafirisha wanyama. Mwaka wa 2002 ilizamishwa makusudi nje ya fuo za kaskazini za Mombasa ili iwe nyumba ya samaki, na sasa matumbawe na samaki wamechukua mahali pa ng'ombe na mbuzi. Lakini imelala katika kina cha karibu mita 30. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye cheti cha pili na mazoezi ya kutosha. Weka akilini kwa mwaka wa kesho.

Kusini kabisa, ng'ambo ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, iko Kisite, ambako maji mara nyingi ni maangavu na pomboo huonekana. Ni mbali kutoka Garissa, lakini ni pazuri kwa jamaa walio na watoto na wazee, kwa sababu wengi huko hawazamii kabisa. Huelea juu kwa snokeli, yaani bomba fupi la kupumulia, na kutazama chini. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa watu hulidharau. Kuelea na snokeli hakuna ugonjwa wa mapovu, hakuhitaji mtungi, na miamba ya mita mbili au tatu ndiyo iliyo na rangi nyingi kwa sababu jua hulifikia. Aliyekatazwa kuzamia na daktari hajakosa kitu kikubwa. Na asiyetaka hata kuloa, apande mashua yenye kioo chini. Zipo Watamu, Malindi na Kisite.

Mtajiuliza mbona sijataja Kiunga. Kwenye ramani ndiyo bahari iliyo karibu zaidi na watu wa Ijara, mara tu baada ya msitu wa Boni. Hifadhi yake ya baharini ilianzishwa mwaka wa 1979, ina visiwa vidogo karibu 50, kasa, na nguva ambaye sasa ni adimu. Wabajuni wa huko wamekuwa wakizamia kamba mawe kwa pumzi zao wenyewe tangu zamani. Lakini tangu mwaka wa 2015 vikosi vya usalama vimekuwa na operesheni katika msitu wa Boni, barabara za huko zimetegwa mabomu mara kwa mara, na msaada wa matibabu uko mbali. Mzamiaji akiumia Kiunga hana pa kukimbilia. Naomba ibaki katika orodha ya siku njema zijazo.

Walio na uwezo wa kuvuka mpaka huulizia Pemba na Mafia. Pemba ina kuta za mawe zinazoshuka kwenye kina kirefu sana na mikondo yenye nguvu. Uzuri wake ni wa wale walio na uzoefu. Mafia, yenye mbuga ya baharini tangu 1995, ni tulivu zaidi ndani ya ghuba ya Chole, na kati ya Oktoba na Februari upande wa Kilindoni hutokea papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwenye madoa kama sarafu na asiyekula ila vidudu vidogo vya majini. Huyu hutazamwa kwa snokeli. Walio na jamaa Djibouti wajue kwamba huko nako, katika ghuba ya Tadjoura, papa huyo huja kuanzia Novemba hadi Januari, na pengine nauli ya kwenda kuwaona ndugu itakuwa imelipa mambo mawili.

Usitarajie kwamba matumbawe yote yatakuwa kama ya kwenye picha. Joto la bahari la mwaka wa 1998 liliyaua mengi katika pwani yetu, na yamepigwa tena mwaka wa 2016 na 2024. Mahali pengine yamerudi, pengine hayajarudi. Yaliyo hai usiyaguse, kwa faida yake na yako: jeraha la tumbawe huchelewa kupona. Ukichomwa na samaki-jiwe, yule anayefanana na mwamba, tumbukiza mguu katika maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, na uende hospitali.

NJIA YA KURUDI

Sasa lile nililoahidi. Sehemu kubwa ya hewa tuvutayo, karibu asilimia 78, ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Chini ya shinikizo la maji, naitrojeni huyeyuka ndani ya damu na nyama kama vile gesi ilivyoyeyuka katika soda. Ukipanda polepole, kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na kusimama mita 5 kwa dakika tatu, nyingi yake hutoka kwa pumzi. Ukipanda kwa haraka, ni sawa na kufungua chupa iliyotikiswa: mapovu hutokea ndani ya mwili. Yakikaa kwenye maungo huleta maumivu. Yakikaa kwenye uti wa mgongo yaweza kumpoozesha mtu.

Lakini hata aliyepanda vizuri hutoka majini akiwa na naitrojeni ya ziada ambayo huchukua saa nyingi kuisha. Ndani ya saa hizo asiende mahali pa juu ambako hewa ni nyepesi. Shirika la Divers Alert Network, ambalo wazamiaji hulijua kwa jina la DAN, lashauri mtu asubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege ikiwa amezamia mara moja, na angalau saa 18 ikiwa amezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Ushauri huo wahusu kwenda juu zaidi ya mita 600 hivi, si angani peke yake.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Msomaji wa Nairobi anayezamia Mombasa asubuhi, akala chakula cha mchana na kupanda treni ya SGR alasiri, atakuwa amefika mahali ambapo shinikizo la hewa ni kama asilimia 83 tu ya lile la pwani, na saa 12 hazijatimia. Dirishani haoni mlima wowote mkubwa, kwa hiyo hadhani amepanda. Amepanda. Basi na gari la nyumbani ni vivyo hivyo.

Hapa mtu wa Garissa ana heri kuliko mtu wa Nairobi. Mji wetu uko karibu mita 150 tu juu ya bahari. Anayerudi kwa njia ya Malindi, Garsen na Hola hufuata bonde la mto, na mto haupandi kilima. Vivyo hivyo kwa anayeendelea hadi Wajir, au hata mji wa Mandera, yote miwili ikiwa chini ya mita 300. Hata hivyo usitoke majini ukapanda basi. Lala usiku mmoja, unywe maji ya kutosha, uondoke asubuhi kulipokucha, kwani barabara hiyo si ya kusafiri usiku.

Mtego ni huu: mvua hunyesha, barabara ya Hola inakatika, na mtu anaamua kuzunguka kwa Nairobi na kurudi kupitia Thika na Mwingi. Papo hapo heri yake imekwisha, naye yuko sawa na abiria wa treni. Kwa hiyo siku ya mwisho ya likizo iache bila kuzamia. Tembea magofu ya Gede, nunua zawadi, kaa kivulini. Ikibidi kuzunguka, utakuwa na saa zako 18 mkononi.

DALILI

Ugonjwa huu mara nyingi hujionyesha ndani ya saa chache, lakini waweza kuchelewa hadi siku nzima. Mtu huhisi maumivu begani, kwenye kiwiko au gotini bila kujigonga. Ngozi humwasha au kupata mabaka. Huchoka kupita kiasi, hupata ganzi, miguu hulegea, hushindwa kukojoa, hupata kizunguzungu. Wengi hujidanganya kwamba ni uchovu wa basi.

Akiwa bado pwani, alazwe chali, apewe oksijeni tupu, na shule ya kuzamia ipige simu kutafuta chumba maalumu cha shinikizo ambamo mgonjwa hutibiwa. Ndiyo maana kabla ya kulipa yafaa uulize maswali mawili: oksijeni iko kwenye mashua au imeachwa ofisini? Na chumba cha shinikizo kilicho karibu na kinachofanya kazi leo kiko wapi? Shule nzuri hujibu bila kukasirika. Kumrudisha mgonjwa chini ya maji ati mapovu yayeyuke ni hatari, usikubali.

Na kama dalili zitaanza ukiwa tayari njiani, tuseme umefika Hola, teremka uende hospitali ya hapo. Mwambie daktari, hata kabla hajauliza, kwamba ulizamia kwa mtungi: siku gani, mara ngapi, kina gani, na ulitoka majini saa ngapi. Andika hayo kwenye karatasi ukiwa bado Watamu na uyatie mfukoni pamoja na kitambulisho. Daktari wa bara anayemwona mtu aliyechoka, maungo yanauma na ametoka safari ya pwani, ataanza kwa kumpima malaria.